Mizani ya Makambako

Saa nane usiku. Ukungu umelala juu ya lami
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Lori la shaba kutoka Tunduma linapanda bamba la chuma,
ekseli ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Namba nyekundu zinayumba, zinatulia.
Nabonyeza. Risiti inatoka. Anayefuata.

Kati ya lori na lori nafungua kompyuta
nikapima visivyokanyaga bamba lolote.

Wako wawili, mbali. Mmoja ni pulsa:
uzito wa jua zima, ulioshindiliwa
ukatoshea kati ya hapa na Mtwango.
Anajizungusha mara mia tatu kwa sekunde,
na kila mzunguko mwali wake wa redio unatufagia,
kwa uaminifu ambao sijauona kwa saa ya ukutani
wala kwa Ilomo, aliyeahidi kunipokea zamu saa sita.
Mwenzake ni kibete cheupe, majivu ya nyota,
hajajibana hata robo ya hivyo.

Swali langu analijua kila dereva wa Kitonga:
mwenye shehena na mwenye gari tupu,
wakiachiwa mteremko bila breki,
wanaanguka sawa?

Kanuni ya zamani inasema sawa.
Mimi niliongeza herufi moja.
Niliiandika kwa penseli nyuma ya risiti iliyoharibika,
mwezi wa saba, baridi ikikata masikio,
herufi ndogo, chumvi tu kwenye kande:
kwamba aliyejibana sana huvutwa kidogo tofauti,
na wawili hao huvuja nguvu upesi,
wakakaribiana kabla ya siku yao.
Mwalimu Tweve aliitazama kwenye simu, huko Uyole,
akajibu: Nzuri. Sasa ipandishe kwenye mizani.

Miaka kumi na sita ya mapigo, kila pigo na saa yake ya kufika.
Nimetoa mwendo wa Dunia kulizunguka Jua.
Nimetoa gesi ya njiani, inayochelewesha
sauti nzito kuliko nyembamba.
Nimetoa kila ushuru. Mstari unaobaki,
kama herufi yangu ni ya kweli,
lazima upinde.

Honi. Mbao za Mafinga.
Dereva anapita pembeni, nusu gurudumu nje ya bamba.
"Dada Atuganile, ni mvua tu imelowesha mbao."
Namwambia arudi nyuma, apite katikati.
Hila hiyo naijua. Jana usiku niliifanya mwenyewe:
mstari ulipogoma kupinda
niliifunika herufi yangu shuka,
nikasema hujificha penye msongamano,
huonekana penye uwazi mtupu tu,
kule ambako hakuna aliyejenga mizani.
Nusu gurudumu nje.

Nimeivua shuka. Nimeipitisha katikati.

Saa kumi na dakika ishirini, mstari uko kwenye kioo,
umelala tambarare kama Usangu wakati wa kiangazi.
Wawili wanakaribiana hatua ya mtoto kwa mwaka,
hatua ileile iliyokuwa imeshaandikwa
kabla bibi yangu hajazaliwa.
Shehena na tupu, sawa.

Nilidhani nitalia. Nilichemsha chai,
nikaungua ulimi.

Kisha nikaandika, maana mizani haijui neno "hakuna".
Hata bamba likiwa tupu, alfajiri, bila hata mbwa,
namba ya mwisho huchezacheza.
Inachojua ni kusema: kama kipo, hakizidi hapa.
Herufi yangu, kama ipo,
haizidi sehemu moja ya laki nne.
Imebaki nafasi ya kupitisha wembe.
Nani anajua wembe wa nani.

Nje, dereva wa Mafinga anashusha mbao zilizozidi,
moja moja, akihesabu kwa Kihehe na kutukana kwa Kiswahili.

Nampigia Mwalimu. Sauti bado iko kitandani.
"Imezidi?"
"Haijazidi."
Kimya. Anakohoa.
"Basi mpe risiti yake, apite."